Mbunge aanze na sheria, madarasa yatafuata

Kila mwaka, Bunge la Bajeti likishaahirishwa Dodoma mwishoni mwa Juni, magari ya wabunge hugeuza kuelekea majimboni na msimu wa mikutano huanza. Viti vya plastiki hupangwa chini ya mwembe au kwenye uwanja wa shule, diwani hutangulia kusalimia, kisha Mheshimiwa husimama na taarifa yake. Siku hizi wengi huja na kijitabu cha rangi. Kina picha ya madarasa mapya, picha ya kisima, picha ya mbunge akikata utepe, na chini yake jumla ya mabilioni yaliyoingia jimboni. Wananchi hupiga makofi, na wana kila sababu. Darasa lenye sakafu na madirisha ni jambo kubwa kwa mzazi ambaye mwanawe alikuwa anasomea chini ya mti.

Nimezifuatilia taarifa hizi kwa miaka mingi, na kadiri zinavyozidi kupendeza ndivyo zinavyozidi kunipa wasiwasi. Zinaeleza kwa kirefu kazi ambayo mbunge haifanyi, kisha zinanyamaza kuhusu kazi aliyotumwa. Darasa hujengwa na halmashauri. Kisima cha kijiji husimamiwa na RUWASA, wakala ulioundwa kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019. Barabara ya kata iko chini ya TARURA, iliyoanza kazi mwaka 2017. Mbunge, kwa mujibu wa Ibara ya 63 ya Katiba, anaingia kwenye chombo chenye madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, kuwauliza mawaziri maswali, kujadili utekelezaji wa kila wizara na kutunga sheria. Anarudi nyumbani baada ya wiki zaidi ya kumi za vikao, na kijitabu chake hakitaji muswada hata mmoja.

Kimya hicho kina gharama, kwa sababu mwananchi akitaka kujua mbunge wake alisimama wapi kwenye sheria fulani, hana pa kutazama. Miswada mingi hupita kwa sauti. Spika huwahoji wanaoafiki, ukumbi huitikia ndiyo, huwahoji wasioafiki, kisha hutangaza kwamba waliosema ndiyo wameshinda. Hapo hakuna majina. Bajeti Kuu ndiyo hupigiwa kura ya wazi, kila mbunge akiitwa kwa jina, na hata hapo kila mmoja anajua kwamba Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kuipitisha. Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, ipo, ila ina kurasa maelfu kwa maelfu, na mbunge ambaye hakuchangia haonekani humo. Januari 2016 Serikali ililitangazia Bunge kwamba TBC ingeacha kurusha vikao moja kwa moja, ikitaja gharama, na mtu wa kijijini aliyezoea kusikiliza mjadala mzima redioni akabaki na vipande vya taarifa ya habari. Uchaguzi wa 2020 ukaleta Bunge ambamo CCM ilikuwa na majimbo 256 kati ya 264, na hotuba za kambi rasmi ya upinzani zilizokuwa zikichambua bajeti ya kila wizara hazikusomwa tena. Katika hali hiyo taarifa ya mbunge mwenyewe, anayoitoa kwa mdomo wake mbele ya waliomchagua, inakuwa karibu njia pekee ya kujua ndani ya ukumbi kulifanyika nini kwa jina lao.

Chukua tozo ya miamala ya simu. Bunge liliipitisha Juni 2021, na kuanzia tarehe 15 Julai kila aliyetuma au kutoa pesa kwa simu alikatwa kati ya Sh 10 na Sh 10,000 kulingana na kiasi, juu ya makato ya kawaida. Mama aliyetumiwa hela ya dawa na mwanawe aliyeko Dar es Salaam aliijua sheria hiyo akiwa amesimama dirishani kwa wakala. Mbunge wake alikuwa ukumbini ilipopita. Malalamiko yalisambaa nchi nzima, na kabla miezi miwili haijaisha Serikali ilitangaza kupunguza viwango kwa asilimia 30, kisha ikavipunguza tena mwaka uliofuata. Yaani hoja za wananchi zilikuwa na uzito, na zilisikilizwa. Zingeweza kusikilizwa mwezi mmoja kabla, endapo wabunge wangerudi na muswada wa Sheria ya Fedha mkononi, wakauliza watu wao: mkikatwa hivi, mtaweza?

Na upande wa pili wa tozo hiyo nao haukuelezwa vizuri. Serikali ilisema fedha zake zingejenga vituo vya afya kwenye tarafa ambazo hazikuwa navyo, pamoja na madarasa. Vituo vilijengwa. Ila kwenye vijitabu vingi kituo cha afya kilionekana kama kimeshuka chenyewe, au kimeletwa na Mheshimiwa, na makato ya kwa wakala yakabaki kuwa jambo jingine lisilohusiana nacho. Taarifa ya kweli ingeweka mambo hayo mawili kwenye ukurasa mmoja: mlikatwa kiasi hiki, mimi niliafiki kwa sababu hizi, na jengo mnaloliona pale limetokana na makato yenu. Mwananchi anayejua kwamba jengo ni lake kwa maana hiyo huuliza maswali makali zaidi likipasuka ukuta.

Mfano ninaoupenda zaidi uko kwenye mafuta. Mwaka huohuo wa 2021 Bunge liliongeza Sh 100 kwenye kila lita ya petroli na dizeli, kwa ajili ya barabara zinazohudumiwa na TARURA. Tuifuate shilingi hiyo. Kijana wa bodaboda anayejaza lita tatu kwa siku anachangia Sh 300. Akifanya kazi siku 300 kwa mwaka, ni Sh 90,000. Kijiwe chenye pikipiki 20 kinatoa Sh 1.8 milioni kwa mwaka, na vijana wa kijiwe hicho ndio hao wanaosukuma pikipiki matopeni mwezi Aprili. Mwenye mashine ya kusaga inayotumia dizeli naye analipa, na kwa kuwa huongeza gharama hiyo kwenye bei ya kusaga debe, hata bibi asiyewahi kupanda gari anachangia barabara. Wote hao wana haki ya kusikia kutoka kwa mbunge wao jimbo limepata nini kwenye mfuko huo, kilomita ngapi zimewekwa changarawe, kalavati zipi zimejengwa, mkandarasi ni nani na amelipwa hadi hatua gani. Mbunge anazo taarifa hizo. Anakaa kwenye baraza la madiwani kama mjumbe, na meneja wa TARURA wa wilaya huleta taarifa yake pale. Zinakomea kwenye makabrasha.

Hapo ndipo sheria na huduma zinapokutana, na ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema mwananchi wa kawaida hajali miswada, anajali maji na barabara. Anajali maji na barabara, na miswada ndiyo inayoamua nani atalipia maji na barabara hizo na kwa mfuko upi.

Kuna jambo jingine ambalo taarifa za majimbo hulipitia juu juu, nalo ni safari ya fedha yenyewe. Mbunge akisema jimbo limepata Sh 3 bilioni za afya, msikilizaji hajui kama ni fedha zilizotengwa kwenye kitabu cha bajeti, zilizotolewa na Hazina, zilizofika kwenye akaunti ya halmashauri, au zilizokwisha kulipwa kwa fundi na muuza saruji. Kati ya hatua ya kwanza na ya mwisho inaweza kupita miaka miwili, na njiani kiasi hupungua. Wenye kazi zao wanalijua hilo vizuri. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) huzungumza kila mwaka juu ya fedha zilizoidhinishwa ambazo hazikupelekwa, na nyingine zilizofika siku za mwisho za Juni zikashindwa kutumika. Mkutanoni tarakimu huwa moja, kubwa, na husemwa kana kwamba yote iko benki.

Angalia boma la zahanati. Wananchi wamechanga kwa kaya, wamesomba mawe na mchanga, wamefyatua tofali, fundi wa kijijini amepandisha ukuta hadi kwenye lenta. Hapo nguvu huisha, na mvua za misimu miwili zinaanza kula tofali za juu. Mbunge anapambana, anauliza swali la msingi na la nyongeza bungeni, anamfuata Naibu Waziri wa TAMISEMI kwenye korido, na hatimaye zinapatikana Sh 50 milioni, ambacho ndicho kiasi kilichozoeleka kwa kumalizia boma la aina hiyo. Bati zinapanda, plasta inapigwa, madirisha yanafungwa, rangi inapakwa. Kijitabu kinaandika: zahanati imekamilika. Mimi hapo huuliza kama imefunguliwa, kwa sababu jengo lililopakwa rangi bado linahitaji kusajiliwa na kuingizwa kwenye mgao wa dawa wa MSD. Linahitaji muuguzi na tabibu, na hao hawapatikani mpaka kitoke kibali cha ajira kutoka Utumishi, kisha wapangiwe kituo, kisha wakubali kukaa mahali pasipo na nyumba ya mtumishi. Nimeona majengo mazuri yenye kufuli mlangoni na popo ndani ya dari. Wajawazito waliosomba maji ya kujengea walikuwa bado wanapanda pikipiki usiku kwenda kujifungulia kata ya pili.

Kibali cha ajira na fungu la mishahara ni mambo ya bajeti, nayo hujadiliwa Dodoma. Mbunge anayetaka zahanati yake ifunguke ana kazi kubwa zaidi pale kuliko kwenye eneo la ujenzi. Wakati wa Kamati ya Matumizi anaweza kushika shilingi ya mshahara wa waziri mpaka apewe maelezo ya kutosha, na kama hakuridhika akataka hoja yake ijadiliwe. Wachache hufanya hivyo kwa ajili ya watumishi wa zahanati. Nikisoma kwenye taarifa ya jimbo kwamba mbunge alishika shilingi kwa jambo hilo, akaeleza alijibiwa nini na ahadi ya waziri ina tarehe gani, namheshimu kuliko mwenye picha ishirini za utepe.

Mikopo ya asilimia 10 ni mfano wa namna nyingine. Kwa marekebisho ya mwaka 2018 kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni sheria nzuri, na kwa vikundi vingi vya akina mama ndiyo mara ya kwanza halmashauri iliwarudishia kitu kutoka kwenye ushuru wao wa sokoni. Kisha CAG akaonyesha vikundi hewa na madeni yasiyorejeshwa, na Aprili 2023 Serikali ikasimamisha mikopo hiyo ili itafutwe njia bora. Ilirejea 2024 kwa utaratibu mpya, halmashauri 10 zikichaguliwa kujaribu kuitoa kupitia benki.

Katika kipindi hicho cha zaidi ya mwaka, wanawake waliokuwa wameandika katiba ya kikundi, wamefungua akaunti na kununua vitambaa vya batiki kwa kutarajia mkopo, walikuwa wakienda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata na kuambiwa wasubiri. Fedha iliendelea kutengwa, kwa kuwa sheria haikufutwa. Ilikwenda wapi wakati mikopo imesimama? Waliorejesha na wasiorejesha kwenye halmashauri yetu ni wangapi? Nani alisaini hundi za vikundi hewa? Mbunge ni mjumbe wa baraza la halmashauri iliyotoa mikopo hiyo, na ni mjumbe wa Bunge linalopokea ripoti ya CAG na kuijadili kupitia kamati ya hesabu za Serikali za Mitaa. Sidhani kuna mtu mwingine jimboni aliyekaa kwenye meza zote mbili. Mama akinyoosha mkono mkutanoni na kusema, "Mheshimiwa, kikundi chetu kilikuwa na makosa gani?" anastahili jibu lenye majina ya vikao na maamuzi yake.

Wapo wanaoona dawa ni kumpa mbunge fedha zaidi mkononi. Tunao tayari Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009, na mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Mgawo wake una mantiki: robo hugawanywa sawa kwa majimbo yote, asilimia 45 hufuata idadi ya watu, 20 kiwango cha umaskini na 10 ukubwa wa eneo. Ni mfuko mdogo, na kwa kuezeka darasa au kununua saruji ya boma umesaidia sana. Ila tuwatazame wenzetu wa Kenya. Mfuko wao wa CDF ulioanza 2003 uliwekewa kiwango cha chini cha asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya Serikali, na ukawa mkubwa kiasi kwamba mbunge akajulikana kwa basari na madarasa kuliko kwa hoja zake bungeni. Agosti 2022 Mahakama ya Juu ya Kenya ilibatilisha sheria ya mfuko huo ya mwaka 2013, na moja ya hoja zake ilikuwa kwamba mtunga sheria na msimamizi wa Serikali hawezi wakati huohuo kuwa mtekelezaji wa miradi. Sheria iliyoifuata nayo imeburutwa mahakamani. Hoja hiyo inanigusa. Anayegawa saruji atakagua vipi matumizi ya saruji?

Kwa haki ya wabunge wenyewe, niseme pia wapiga kura tunawasukuma huko. Mbunge huombwa rambirambi, ada, jezi na nauli ya mgonjwa kuanzia asubuhi anapofungua mlango. Akisimama kusema amechangia muswada, watu hupiga miayo. Na Katiba yenyewe imembana: Ibara ya 99 haimruhusu mbunge kupeleka hoja ya kuongeza kodi au matumizi ya fedha za umma isipokuwa ipendekezwe na Rais kupitia kwa waziri. Kwa hiyo yule anayesema kwenye kampeni "nitawaletea hospitali ya wilaya" anaahidi jambo ambalo hana mamlaka nalo, na miaka mitano baadaye hulazimika kujitwalia sifa za kila tofali ili ahadi ionekane imetimia. Kijitabu cha rangi kinazaliwa hapo. Tungemuuliza tangu mwanzo kuhusu mambo yaliyo ndani ya uwezo wake, angekuwa na nafasi ya kusema ukweli.

Uwezo huo si mdogo. Ikumbukwe safari ya bima ya afya kwa wote. Muswada wa kwanza ulipoletwa mwaka 2022 ulizua mjadala mkali: je, mkulima na mchuuzi wasio na mshahara watalazimishwa vipi, na asiyejiweza atalipiwa na nani? Haukupita wakati ule. Ulirudi na kupitishwa Novemba 2023, safari hii ukiwa umetaja vyanzo vya kuwagharamia wasio na uwezo, zikiwemo kodi za soda, pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Hayo ni mabadiliko makubwa, na yalitokea kwa sababu kuna watu walibisha: kwenye kamati, kwenye vikao vya wadau, kwenye vyombo vya habari. Mbunge aliyekuwa miongoni mwao ana jambo zito la kuwaeleza watu wake. Katika jimbo ambalo kaya ya watu sita ilizoea kulipa Sh 30,000 kwa mwaka kwenye Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa, watu wanataka kujua kadi yao inakuwaje, nani anahesabiwa kuwa hana uwezo, na ni kamati ipi ya kijiji itakayoandika majina hayo. Kosa kwenye orodha hiyo litamgharimu mtu matibabu. Mikutano ya kueleza sheria hii ilipaswa kufanyika kijiji kwa kijiji kabla haijaanza kutumika, na mbunge ndiye aliyefaa kuitangulia kwa kuwa alishiriki kuitunga.

Jambo la mwisho ni ratiba, na kwangu ndilo lenye faida ya haraka zaidi. Taarifa nyingi za majimbo hutolewa Julai na Agosti, Sheria ya Fedha ikiwa imeshaanza kutumika na vitabu vya bajeti vimefungwa. Mwananchi anaambiwa yaliyokwisha. Mapendekezo ya mpango wa mwaka unaofuata hufika bungeni Novemba. Halmashauri huandaa bajeti zao kati ya hapo na Februari, na hutakiwa kuanzia na vipaumbele vilivyotoka kwenye mitaa na vijiji. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kisheria kila baada ya miezi mitatu, ambako mapato na matumizi husomwa mbele ya watu. Majimbo sasa ni 272. Mbunge wa jimbo lolote kati ya hayo angeweza kupanga mikutano yake mikubwa Oktoba, akaja na mpango wa Serikali kabla haujajadiliwa, orodha ya maboma yaliyokwama na watumishi wanaokosekana, na maelezo ya mwaka uliopita kiasi gani kilitengwa na kiasi gani kilifika. Akarudi tena mwishoni mwa Januari, kabla ya baraza la madiwani kupitisha bajeti, akiwa na meneja wa TARURA na wa RUWASA pembeni yake wa kujibu maswali. Aprili akienda Dodoma atakuwa na karatasi ya watu wake mkononi, na Julai akirejea ataisoma hiyohiyo, mstari kwa mstari, aeleze lipi lilijibiwa na lipi lilikataliwa.